Hodi Mbili Ukingoni mwa Ndoo

Bi Kudura alinikataza nisiseme. Nasema. Yeye alikula kiapo, mimi sikula. Mimi ni Marieta, mkaanga samaki wa Nyasura hapa Bunda, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, na mambo ya nyuma ya pazia la Waislamu hayanihusu kwa sheria yoyote. Yananihusu kwa ujirani tu. Ujirani wetu una miaka kumi na minane, ukuta wake ndio ukuta wangu, na chumvi yake naijua ilipo kuliko yangu.

Tena nina kinachonisuta. Wimbo ule niliuingiza mimi nyumbani kwake, kwenye simu yangu, nikicheka.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa nane mwaka juzi. Nilikuwa nimempelekea sato wawili wa kukaanga, nimekaa kwenye kigoda, yeye yuko kwenye cherehani anapinda buibui la mtu. Simu yangu ikaita. Mlio wenyewe ulikuwa ndio huo wimbo, “Mpokee Taratibu”, ambao wiki ile nusu ya Bunda walikuwa wameuweka kwenye simu zao. Unaanza na milio miwili ya bati, ko, ko, halafu maji yanamwagika, halafu ngoma nzito za kompyuta zinaingia chini yake, na sauti ya mwanamke inanong'ona:

Hodi Mola, namleta mgeni wako,
hakuja na mzigo, kaja na jina lake.
Mpokee taratibu, njia ilikuwa ndefu.

Mguu wa Bi Kudura ukasimama kwenye cherehani. Sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

“Marieta, hiyo wimbo umeitoa wapi?”

“Si iko kila mahali! Ni ya Twalha, mtoto wa Tausi. Ameitengenezea Musoma. Hujaisikia kwenye bajaji?”

“Zima.”

Nikazima. Akakaa, mikono juu ya meza ya cherehani, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Halafu akasema, “Washa tena.”

Sasa lazima niwaeleze huyu mama ni nani, maana bila hivyo mtadhani ni mtu wa kuchukia muziki.

Bi Kudura ni fundi wa nguo, lakini hiyo ni kazi ya kupitishia siku. Kazi yake hasa ni kuosha maiti za wanawake. Marehemu wa Kabasa, wa Guta, mpaka wa Butiama, amewaosha yeye. Baba yake alikuja Bunda enzi za pamba, mfanyabiashara kutoka Tabora, akaoa Mjita wa Guta, na ndiyo maana Bi Kudura husali kwa Kiarabu, hushona kwa Kiswahili na huota kwa Kijita. Sanda hapimi kwa futi. Anapima kwa jicho. Watu wa Nyasura akiwatazama sana hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali.

Kuosha alifundishwa na bibi mmoja aliyekwisha kufa, na bibi huyo alimwachia mambo mawili ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. La kwanza ni hodi. Kabla ya kumwaga maji, Bi Kudura hugonga kopo lake la bati mara mbili ukingoni mwa ndoo, ndipo humgusa marehemu. Niliwahi kumuuliza ya nini, mtu mwenyewe hasikii. Akaniambia, “Hawezi kukujibu, lakini hiyo si sababu ya kumwingilia bila hodi.” Baada ya hodi huwa ananong'ona yale maneno ya Hodi Mola, kwa Mungu na kwa marehemu kwa pamoja, mpaka maji ya mkunazi yaishe. Kuyaimba haswa hayaimbi. Anayasema tu, ila sauti yake yenyewe ina mteremko.

La pili ni kiapo. Waoshaji wawili wakishaingia nyuma ya pazia, hutia mkono wa kulia kwenye ndoo na kusema, “Tutakayoyaona na tutakayoyasikia ni amana.” Basi. Kovu, mimba iliyofichwa, alama za kipigo cha mume, jina la mtu lililochorwa pajani, vyote vinafukiwa pamoja na mwenyewe. Kwa kiapo hicho wanawake wa hapa walikuwa wakiwaambia watoto wao, nikifa mwiteni Kudura. Hakuwa na mume tena, hakuwa na mtoto. Kuitwa huko ndiko kulikokuwa heshima yake yote.

Na mwenzake wa kumwagia maji, miaka ishirini, alikuwa Tausi.

Basi nikawasha tena. Wimbo ukafika katikati, pale ngoma zinapokaa kimya na kubaki ile sauti peke yake. Hapo inavunjika kidogo, inasema maneno mafupi ya Kijita, inarudi. Vijana walikuwa wakipaimba hapo kwa nguvu zote, bila kujua maana. Hata mimi nilikuwa napaimba.

Bi Kudura alifumba macho. “Hapo namwita mama yangu,” alisema. “Namwita vile nilikuwaga namwita nikiwa mdogo. Sijawahi kumwambia maiti mwingine hiyo neno, Marieta. Ni siku ile ile moja, kule Guta, nilipomwosha.”

“Na mlikuwa nani ndani?”

“Wawili. Na marehemu.”

Sikuuliza wa pili nani. Bunda nzima inamjua wa pili.

Nilifuta ule mlio kwenye simu hapo hapo, kana kwamba kufuta kwangu kungesaidia. Wimbo ulikuwa umeshaota mizizi. Kwaya moja ya kilokole iliutafutia mapambio yake. Baa zilikuwa zinaupiga Jumapili mchana, watu wanalia na bia mkononi. Kwenye harusi ndio ulikuwa wa kumwingiza bibi harusi ukumbini: mshereheshaji anasema tusimame, tunasimama, binti anaingia na shela lake, mpokee taratibu. Nilisimama mara mbili mwenyewe, na vigelegele nikapiga. Maneno ya kumwoshea mama wa watu.

Kisha wanawake wakaanza kuunganisha. Kila aliyewahi kukaa nje ya pazia akisubiri mama yake au dada yake atolewe, aliikumbuka ile ko, ko. Nilisikia kwenye genge langu, mafuta yakiwa motoni. “Kumbe anarekodigi!” “Na wa kwetu je, naye yumo?” “Mimi mama yangu alikuwa na kansa ya ziwa, hatukumwambia mtu. Sasa nani ajue kile kilichochukuliwa mle?” Nikawaambia Bi Kudura ana simu ya kitochi, ya vibonyezo, ambayo hata tochi yake haiwaki. Wakanitazama kama mtu anayemtetea ndugu.

Mwezi wa kumi akafa mama mzazi wa Hamduni, muuza kanga wa Butiama. Ni Hamduni mwenyewe aliyepiga simu alfajiri: mama aliacha wasia, aoshwe na Bi Kudura. Nilimsindikiza, maana tangu wimbo utoke hakuwa ameitwa popote, nikataka kuiona siku yake ikirudi. Alivaa buibui jipya. Kopo alilifunga ndani ya kitambaa cheupe.

Mlangoni alitupokea dada wa Hamduni. Alisalimia vizuri, akatuuliza habari za njia. Halafu akasema, “Bi Kudura, usituelewe vibaya. Leo tumepata mtu mwingine.”

“Marehemu alinitaja,” Bi Kudura alisema.

“Alikutaja zamani.”

Nyuma ya yule dada, uani, pazia la kanga lilikuwa limeshafungwa. Chini ya pazia kulikuwa na makubadhi mawili, ya kahawia, kamba moja imeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule aliushona Bi Kudura kwa mkono wake, kando ya cherehani ile ile, mbele yangu. Makubadhi ya Tausi.

Bi Kudura hakugeuka. Alitoa pole ya msiba, akaomba maji ya kunywa, akanywa yote, akarudisha glasi. Mimi ndiye niliyelia njiani, kwa hasira. Yeye alipakata kopo lake mpaka Bunda.

Wiki iliyofuata alinambia, “Twende Musoma.”

Twalha alikuwa na chumba mtaa wa Mukendo, ndani amebandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja, spika mbili kubwa, na zulia la kuswalia limekunjwa juu ya kiti. Mtoto ana adabu, sitamsingizia. Alipiga magoti. “Shikamoo, mama mkubwa. Shikamoo, mama Marieta.” Alifurahi haswa. Akadhani tumekuja kumpongeza.

“Nionyeshe vile ulifanya,” Bi Kudura alimwambia.

Akaonyesha! Kwenye kioo kulikuwa na mistari mingi ya rangi, na kila mstari akiugusa unatoa sehemu yake. “Hii ndo kopo. Nilikata hizi mbili, nikazirudia-rudia, nikazitia uzito chini, ndo maana zinagonga kifua. Haya ni maji. Na hii ni wewe, mama mkubwa, peke yako, bila kitu. Mimi nikiisikiaga hii nasikia kama Mungu amekaa hapo mlangoni.”

Akaiacha sauti ijaze chumba. Nilimwona Bi Kudura akitafuta pa kushika.

“Nani alikupa?”

“Si mama? Aliweka simu kwenye pindo la kanga. Alisema umekubali. Alisema wewe mwenyewe umesema mambo ya Mungu ni ya watu wote.” Akatutazama, mimi, yeye, mimi tena. Tabasamu likaanza kumtoka usoni taratibu. “Hukukubali?”

Bi Kudura alilitazama zulia la kuswalia lililokunjwa kitini.

“Basi naweka jina lako, leo leo. Hatukuliweka kwa kuwa mama alisema hupendi kujulikana.”

“Ukiweka jina langu, kila mwenye marehemu aliyepita mkononi kwangu atajua ni mimi kweli. Ataanza kumtafuta mama yake kwenye wimbo.”

“Basi nitasema redioni kwamba ni mama ndiye alirekodi, wewe hukujua.”

Hapo nikapumua. Nikasema moyoni, afadhali, limekwisha. Kumbe simjui jirani yangu.

“Mama yako alikuwa nyuma ya pazia,” Bi Kudura alimwambia. “Kilichofanyika nyuma ya pazia hakitoki. Hata hicho.”

“Bi Kudura!” nilifoka. “Mwenzio alishatoka na pazia zima!”

“Yeye ni yeye. Mimi mkono wangu niliutia kwenye maji.”

Jamani. Mtu ameibiwa, anajulikana kama mwizi, ufunguo wa kujitoa uko mdomoni mwake, na anaumeza. Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyomkasirikia Tausi. Alichoomba ni kitu kimoja tu, Twalha aondoe pale anapomwita mama yake. Twalha akabonyeza, kipande kikapotea kwenye kioo, akaapa hatakipiga tena kwenye shughuli yoyote. Tulipotoka, duka la vocha la jirani lilikuwa linaupiga wimbo mzima, na mama wa watu anaitwa mle mle.

Tausi alikuja kesho yake. Mwanawe alikuwa amempigia. Alikuja na sukari kilo mbili na kanga mpya, akasimama mlangoni mpaka alipoambiwa aketi. Bi Kudura alinitazama nitoke. Sikutoka. Nilijifanya naondoa magamba kwenye furu waliokwisha kuondolewa magamba.

“Dada, Twalha alikuwa anakaaga ndani tu,” Tausi alianza. “Mtu mzima na ndevu. Ana kompyuta, hana wimbo. Nilikuwa naogopa hata kufungua mlango wake asubuhi.”

“Ungeniomba.”

“Ungekataa.”

“Ningekataa,” Bi Kudura alikubali.

Tausi akalia. “Ilikuwa nzuri mno, dada. Miaka ishirini nakumwagia maji, nasikia peke yangu. Nikasema kwa nini wafe kwanza ndo wasikie?”

Nitasema kweli, hilo lilinigusa. Na mimi nilikuwa nimeusikia nikiwa hai, na nikaupenda. Lakini Bi Kudura alikuwa na swali lake, na alikuwa amelibeba tangu Butiama.

“Kwa Hamduni. Ulipoingia kuosha, walikwambia nini juu yangu?”

Tausi akatazama sukari.

“Walikwambia nini, Tausi?”

“Walisema wewe ndo unarekodigi.”

“Wewe ukasema nini?”

Nje palikuwa na mtu anauza nyanya, anapita akiita, akafika mpaka mwisho wa mtaa.

“Sikusema kitu,” Tausi alisema.

Bi Kudura akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayekubaliana na bei. Nilijua hapo ndipo alipokatwa. Simu kwenye pindo la kanga angeweza kuisamehe. Umama una wazimu wake. Lakini kusimama juu ya maiti aliyekuwa wake, kwenye nafasi yake, na viatu alivyovishona yeye, usikie rafiki yako anaitwa mwizi wa wafu kwa kosa lako wewe, kisha utie mkono wa kulia kwenye ndoo!

“Dada, usiniseme kwa watu,” Tausi alinong'ona.

“Nenda. Nilikuwa nimeshakusitiri kabla hujaomba.”

Kanga aliiacha, sukari aliiacha. Sukari ilikaa pale mpaka sisimizi wakaimaliza. Na Bi Kudura akaniapisha kwa jina la Bikira Maria nisiseme, nikaapa nimepishanisha vidole nyuma ya mgongo ili kiapo kisishike, Mungu anisamehe.

Ule mwaka ukapita hivyo, na uliofuata. Bi Kudura alishona. Shela za harusi, sare za shule, mapazia ya watu. Kopo alilitundika kwenye msumari juu ya mlango, na sikumwona akilishusha hata kulifuta vumbi. Misiba ilitokea Nyasura, tukakaa naye mkekani pamoja na wanawake wengine, na Tausi akiingia nyuma ya pazia na mwenzake mpya. Watu waliopishana na Bi Kudura njiani walimsalimia vizuri. Ila hakuna aliyemwambia tena, nikifa.

Mwezi wa tatu mwaka huu Tausi akaanguka. Presha. Alikaa siku tatu hospitalini, ya nne akarudishwa nyumbani maiti, amelazwa nyuma ya gari. Wazee walishasema mwosha huoshwa.

Twalha alikuja mwenyewe kwa miguu, macho yamevimba. Akapiga magoti kwenye mlango wa Bi Kudura.

“Mama mkubwa, mama ameacha wasia. Akishikwa na mtu mwingine hatakuwa radhi. Ni wewe tu.”

“Alisema hivyo?”

“Alisema anataka umwitie hodi. Alirudia mara nyingi. Hodi yake.”

Bi Kudura alikata uzi uliokuwa sindanoni. Halafu akasimama, akatoa kitambaa cheupe kabatini, akakikata sanda bila kupima, maana kipimo cha Tausi alikuwa nacho kichwani. Alikunja, akachukua karafuu maiti na udi, akavaa buibui. Aliinama kidogo kupita mlangoni, chini kabisa ya ule msumari. Kopo akaliacha linaning'inia.

Nyumbani kwa Tausi watu walijaa. Bi Kudura alipopita, minong'ono ilikatika. Wanawake waliokuwa wamemkimbia mwaka mzima walisogeza mikeka karibu na pazia, na niliwaona: walitaka kusikia. Hata walioudhika na wimbo walitaka kuusikia ulikotoka. Binti mmoja alikuwa na simu mkononi, nikaipokonya, nikaikalia.

Bi Kudura akaingia na mama mmoja wa Kabasa wa kumwagia maji. Tukasikia mikono ikiingia kwenye ndoo. Tukasikia wakila kile kiapo, sauti mbili. Kisha kimya, na wote tukasubiri ko ya kwanza.

Maji yakamwagika.

Yakamwagika tena. Jagi la plastiki halina mlio. Aliosha upande wa kulia, aliosha upande wa kushoto, kwa utaratibu na bila haraka, nasi tulifuata kwa masikio tu. Hakuna hodi. Hakuna neno. Kila kitu ambacho sheria inamtaka maiti afanyiwe, Tausi alifanyiwa.

Wanaume walikuwa upande wa mbele, lakini Twalha hakuweza kukaa. Alizunguka nyumba, akaja mpaka kwenye kona ya pazia, akasimama ameshika ukuta.

“Mama mkubwa,” aliita. “Sisikii hodi.”

Maji yakasimama.

“Sisikii hodi, mama mkubwa. Aliiomba.”

Sauti ya Bi Kudura ikatoka ndani, ya kawaida kabisa, sauti ya kuombea uzi dukani.

“Hodi mama yako alishaitoa, mwanangu, iko kwako. Mwimbie wewe.”

Twalha alifungua mdomo. Huyu ndiye mtu aliyeupiga wimbo ule Musoma, Bunda na Butiama, harusini na kwenye mikutano, watu wameinua simu juu wanaitikia. Tulimngoja. Shingo ilimtoka mishipa, midomo ikajaribu kutamka Mola, ikashindwa. Akateleza na ukuta mpaka chini, akakaa mavumbini na kanzu yake nyeupe.

Nyuma ya pazia jagi lilizama tena kwenye ndoo, na Bi Kudura akaendelea kumwosha rafiki yake, kimya kimya, mpaka maji yakaisha.